HARO KUUKUU BADO INA KAZI: ITENGENEZE KABLA YA MVUA

Mavuno yamekwisha. Mahindi yamo ghalani, pamba imekwenda kuuzwa, na mabua yamelala shambani. Ng'ombe wanatafuta majani mbugani. Hapa kwetu Shinyanga, Kahama na Geita, miezi ya Agosti na Septemba ni miezi ya vumbi. Watu wengi husema huu ni wakati wa kupumzika.

Lakini hebu zunguka nyuma ya ghala la chama cha ushirika, au nyuma ya ofisi ya kijiji. Huenda utaona haro ya trekta imelala chini ya mti. Kutu imeila. Majani yameota katikati ya sahani zake. Kuku wanataga chini yake. Watu wanapita na kusema, "Hiyo imekufa."

Je, kweli imekufa? Mara nyingi haijakufa. Inahitaji siku chache za kazi, grisi, nati kadhaa, na watu wanaojua la kufanya. Makala hii inakueleza la kufanya. Isome mwenyewe. Kisha wasomee wenzako katika kikundi.

HARO INAFANYA KAZI GANI?

Plau hukata ardhi na kuigeuza. Baada ya plau, shamba hubaki na mabonge makubwa. Mbegu ikianguka katikati ya mabonge haipati udongo wa kuishika. Hapo ndipo haro inapohitajika. Haro huvunja mabonge, hukata mabua na magugu, na kusawazisha shamba. Sisi husema "kupiga haro."

Haro tunayoizungumzia hapa ni ile ya sahani. Sahani zake ni za chuma kigumu, nazo zimebonyea kama bakuli. Mafundi wengine huziita diski. Sahani hupangwa katika safu. Kila safu ina chuma kimoja kirefu kinachopita katikati ya sahani zote. Chuma hicho huitwa shafti. Kati ya sahani na sahani kuna kipande kinene cha chuma cha kuzitenganisha. Mwisho wa shafti kuna nati kubwa inayobana vitu vyote pamoja.

Safu nzima huzunguka juu ya beringi. Beringi zimefungwa kwenye fremu, na fremu huunganishwa na trekta. Sahani za mbele hutupa udongo upande mmoja. Sahani za nyuma huurudisha. Ndiyo maana shamba hubaki sawa.

Ukizijua sehemu hizi tano, yaani sahani, shafti, nati, beringi na fremu, umekwisha ijua haro.

KWA NINI TUANZE SASA?

Wazee husema mvua za kwanza ni za kupandia. Upande wa Geita mvua huwahi kidogo. Upande wa Shinyanga na Kishapu huchelewa, na mara nyingi hushika vizuri mwezi wa Novemba. Kisha Januari au Februari mvua hukatika kwa muda. Mahindi yaliyopandwa mapema huwa yamekwisha kupata nguvu. Yaliyochelewa hukutwa na jua wakati yanataka kutoa mbelewele. Hapo mkulima hupoteza chakula cha mwaka mzima.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Chukua kalamu.

Haro yenye upana wa mita 2 ikivutwa kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa, hupita mita 6,000 kwa saa. Zidisha 6,000 kwa 2. Unapata mita za mraba 12,000. Ekari moja ni karibu mita za mraba 4,000. Kwa hiyo ni ekari 3 kwa saa. Lakini trekta hugeuka, husimama, na hurudia mahali palipopitwa kidogo. Basi tuseme ni ekari 2 kwa saa. Kwa siku ya saa 8 ni ekari 16.

Haro ikivunjika beringi mwezi wa Novemba, na ikachukua siku 5 kupata beringi nyingine, kijiji kimepoteza ekari 80. Ikiwa kila kaya inalimiwa ekari 2, kaya 40 zimesubiri. Siku hizo 5 za mvua hazirudi.

Beringi hiyo hiyo ingeweza kubadilishwa Septemba bila haraka na bila ugomvi.

TUJIFUNZE KWA YALIYOPITA

Matrekta si mageni katika nchi ya Wasukuma. Katika miaka ya 1960 Chama Kikuu cha Ushirika cha Victoria, kilichojulikana kwa herufi VFCU, kiliendesha mashamba makubwa ya pamba kwa matrekta. Matumaini yalikuwa makubwa. Lakini mashine nyingi ziliharibika upesi. Vipuri na mafundi walikuwa wachache. Gharama za kulima zilizidi mapato ya pamba, na wakulima wakabaki na madeni.

Kulikuwa na sababu nyingi, lakini somo moja linatuhusu sisi leo. Kununua mashine ni mwanzo tu. Mashine isiyotunzwa humla mwenyewe.

Siku hizi hali ya mafundi ni tofauti. Machimbo ya dhahabu yameleta karakana nyingi. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kazi mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Wachimbaji wadogo nao wana makarasha yao ya kusaga mawe, na makarasha yanahitaji mafundi kila siku. Kwa hiyo leo katika miji kama Kahama, Katoro na Geita utapata watu wa kuchomelea vyuma, wachongaji wa shafti, na maduka ya beringi. Fundi anayetengeneza karasha anaweza pia kutengeneza haro. Beringi ni beringi. Kinachotakiwa ni wewe mkulima kujua unataka atengeneze nini.

KWANZA, USALAMA

Haro ni nzito, na sahani zake hukata kama panga. Kabla ya kuigusa, shika mambo haya.

Usiingie chini ya haro iliyoinuliwa na trekta peke yake. Mpira wa mafuta ukipasuka, haro huanguka mara moja. Mtu aliye chini hana nafasi ya kukimbia. Weka magogo imara au mawe mapana chini ya fremu, kila upande. Kisha ishushe haro ikae juu ya magogo hayo. Zima trekta na utoe ufunguo.

Vaa viatu vigumu. Shika sahani kwa glovu nene au kwa gunia lililokunjwa. Wakati wa kuchomelea au kusaga chuma, fundi avae miwani ya kazi. Watoto wakae mbali.

Jambo lingine ni la sehemu zetu za dhahabu. Kuna madumu yaliyobeba sumu za kuchenjulia dhahabu, kama sianidi na zebaki. Usioshee vyuma ndani ya madumu hayo. Usiwekee mafuta ndani yake. Usiyalete nyumbani kabisa, hata yakiwa yameoshwa.

HATUA YA 1: SAFISHA, KISHA TAZAMA

Ondoa majani, udongo na waya zilizojizungusha kwenye shafti. Kwangua kutu kwa brashi ya waya. Haro chafu huficha ufa. Haro safi husema ukweli.

Nati zilizoshikwa na kutu usizivunje kwa nguvu. Zipake mafuta ya dizeli yaliyochanganywa na oili kidogo. Ziache zilale usiku mzima. Asubuhi zigonge kidogo kwa nyundo, kisha jaribu spana. Zikikataa, zipake tena. Uvumilivu wa siku mbili ni rahisi kuliko shafti mpya.

Sasa tazama fremu. Angalia pembe zote na mahali palipochomelewa zamani. Ufa mwembamba huonekana kama unywele mweusi wenye kutu. Utie alama ya chaki. Nenda nyuma ya haro, uchuchumae, utazame kama fremu imepinda. Fremu yenye ufa inaweza kuchomelewa na kuongezewa kipande cha chuma. Fremu iliyopinda sana ni kazi ya fundi mkubwa.

HATUA YA 2: PIMA SAHANI

Kila sahani huisha kidogo kidogo kwa kusuguana na ardhi. Udongo wa mchanga, ule tunaouita luseni, hula chuma upesi zaidi. Huwezi kujua kwa macho. Pima.

Chukua kamba au futi. Pima sahani kutoka ukingo hadi ukingo, kupitia katikati. Andika kipimo cha kila sahani. Haro nyingi zina sahani ambazo zikiwa mpya ni sentimita 51, 56 au 61. Sahani haiingii ardhini zaidi ya karibu robo ya upana wake. Kwa hiyo sahani ya sentimita 61 iliyochakaa mpaka sentimita 50 haichimbi tena kama zamani. Inakwaruza tu, na wewe unalipia dizeli bure.

Sahani yenye ufa usiichomelee. Chuma chake kimepikwa kiwandani kwa moto maalumu ili kiwe kigumu. Moto wa kuchomelea huharibu ugumu huo. Sahani hiyo itapasuka tena shambani, na kipande chake kinaweza kuruka na kumwumiza mtu. Ibadilishe.

Sahani butu inaweza kunolewa kwa mashine ya kusagia. Inoe upande wa nje, ule uliovimba, si upande wa ndani wa bakuli. Inoe polepole. Chuma kikibadilika rangi na kuwa cha buluu, kimepata moto mwingi na ugumu umepotea.

Usiweke sahani moja mpya katikati ya zilizochakaa. Ile mpya itabeba mzigo peke yake. Zipange kwa ukubwa, zinazolingana zikae safu moja. Safu ya kulia na ya kushoto zilingane pia. Zikitofautiana, haro itavuta upande mmoja na dereva atapigana na usukani siku nzima.

HATUA YA 3: SIKILIZA NATI KUBWA

Hapa ndipo haro nyingi hufia. Nati kubwa ya mwisho wa shafti ikilegea, sahani huanza kucheza. Zikicheza, zinakula tundu lao la katikati. Tundu likishakuwa kubwa, sahani haizunguki sawa na shafti. Mwisho shafti yenyewe hukatika.

Kuna njia rahisi ya kupima. Gonga kila sahani kwa nyundo ndogo. Iliyobanwa vizuri hulia kama kengele. Iliyolegea hutoa sauti ya kukatika, kama sufuria yenye ufa. Hata mtu asiyejua mashine anaweza kuisikia tofauti hiyo.

Kaza nati kwa spana kubwa. Ongeza bomba refu kwenye mpini ili upate nguvu. Ukisha kaza, gonga sahani zote, kisha kaza tena. Vitu hujipanga vikigongwa. Mwisho rudisha kizuizi cha nati, yaani kile kibamba au pini inayoizuia isifunguke. Nati bila kizuizi ni kazi bure.

HATUA YA 4: JARIBU BERINGI

Inua safu isiguse ardhi, juu ya magogo. Ishike kwa glovu na uizungushe. Inazunguka laini? Vizuri. Inakwaruza kama imejaa mchanga? Beringi imeingiwa na udongo. Sasa ishike safu uitikise juu na chini. Ikicheza sana, beringi imekwisha.

Beringi inayozunguka vizuri itiwe grisi mpya kwa bomba la grisi. Kwanza futa tundu la grisi kwa kitambaa. Usipofuta, unasukuma mchanga ndani. Endelea kutia mpaka grisi kuukuu nyeusi itoke na mpya ianze kuonekana. Grisi mpya hufukuza uchafu.

Beringi iliyokwisha ibadilishwe pamoja na sili yake, ile raba inayozuia udongo. Kuweka beringi mpya na sili kuukuu ni kama kufunga mlango na kuacha dirisha wazi. Nenda dukani na beringi kuukuu mkononi. Soma namba iliyochorwa juu yake na uiandike kwenye daftari. Hapo ndipo kujua kusoma kunakuokolea fedha.

Haro nyingine za zamani sana zina beringi za mbao ngumu zilizolowekwa mafuta. Ukiikuta haro ya namna hiyo, usiitupe. Seremala mzuri anaweza kuchonga nyingine kwa kufuata ile ya zamani.

Oili chafu na dizeli ya kuoshea usimwage karibu na kisima au lambo. Ikusanye kwenye debe. Itakufaa kupaka haro msimu ukiisha.

HATUA YA 5: VYUMA VYA KUKWANGUA NA MAUNGANISHO

Nyuma ya kila sahani kuna kichuma kinachokwangua udongo usigande. Katika mbuga nyeusi, bila vichuma hivi haro hugeuka kuwa roli la matope. Vinyooshe vilivyopinda. Viache vikaribie sahani bila kuigusa, kiasi cha unene wa sarafu mbili.

Tazama pini za kuunganishia trekta. Pini iliyolika katikati ni hatari. Haro ikichomoka barabarani inaweza kuua. Usitumie nondo au msumari mkubwa badala ya pini. Nunua pini yenyewe, na kila pini iwe na kizuizi chake.

JE, NI LINI TUSIITENGENEZE?

Sema ukweli hata kama unauma. Ikiwa fremu imepinda, shafti zimepinda na sahani zote zimekwisha, gharama inaweza kuwa kubwa kuliko faida. Kabla ya kuamua, muulize fundi wa pili, siyo mmoja tu. Andikeni bei zote kwenye daftari, mzijumlishe, mzisome mbele ya wanachama wote.

Lakini hata hiyo usikimbilie kuiuza kama chuma chakavu. Huenda kijiji jirani wana haro ya namna ile ile iliyovunjika mahali pengine. Haro mbili zilizokufa zinaweza kutoa moja iliyo hai.

Na mkinunua vipuri vilivyotumika, daini risiti. Chuma cha bei rahisi kisichokuwa na risiti kinaweza kuwa kimeibwa mgodini au kwenye shamba la mwenzako.

SASA TUINGIE SHAMBANI

Kabla trekta halijaingia, watu wawili watembee shamba lote kwa miguu. Watafute visiki, mawe makubwa na vichuguu. Katika sehemu za Geita, Mbogwe na Msalala watafute pia maduara ya zamani ya wachimbaji. Majani huota na kuficha mdomo wa shimo. Trekta likitumbukia, hatuzungumzii tena haro, tunazungumzia msiba. Choma mti wa alama kila mahali pa hatari, ufungwe kitambaa.

Pima udongo kwa mkono. Chukua konzi moja kutoka kina cha kiganja. Ifinye. Ikibaki donge lenye kunata kama ugali, subiri. Haro ikiingia kwenye mbuga yenye maji inapika matofali. Donge likivunjika ukilisukuma kwa kidole, anza kazi.

Pitisha haro mara mbili, siyo mara tano. Wengine hupenda kuona shamba laini kama unga. Ni makosa. Mvua kubwa ya kwanza ikipiga udongo wa unga, juu hufunga ukoko. Maji hayaingii. Yanakimbia na rutuba yenu. Shinyanga tunakijua kilio hicho. Kuanzia mwaka 1986 hadi 2004 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ulifanya kazi na wanavijiji kurudisha miti na ngitili kwa sababu ardhi ilikuwa imechoka. Tusiiharibu tena kwa haro. Acha mabonge madogo ya ukubwa wa yai. Piga haro kukata mteremko, siyo kuufuata.

Na usipige haro kila mwaka bila kulima kwa plau au kuchimbua chini. Haro hufika kina kile kile kila mara. Chini yake hujengeka tabaka gumu, na mizizi ya pamba hugonga hapo na kupinda.

Baada ya saa moja ya kwanza, simama. Zima trekta. Shusha haro chini. Gonga sahani tena usikilize. Kaza nati tena. Kazi hii ni ya dakika 15, nayo huokoa msimu.

Dereva asigeuze kona kali wala kurudi nyuma huku sahani zikiwa ardhini. Hivyo ndivyo shafti zinavyopinda.

MTU SI JIWE

Haro isipozama, watu wengine humwita kijana apande juu yake ili aongeze uzito. Ndugu msomaji, jambo hili likome. Haro hurukaruka. Kijana akiteleza anaanguka mbele ya sahani, na dereva hamwoni wala hamsikii. Hakuna ekari yenye thamani ya mguu wa mtoto wa mwenzio.

Haro isiyozama ina sababu. Tazama kwanza pembe ya safu. Safu zikikaa karibu na kunyooka, sahani huteleza juu. Ukiongeza pembe, zinazama. Tazama pia kama sahani ni butu. Bado haitoshi? Funga uzito juu ya fremu, vyuma au magunia ya mchanga, kwa waya imara. Na kama ardhi ni kavu kama jiwe, ngoja mvua iilainishe.

DAFTARI LA HARO

Kila haro iwe na daftari lake. Liandikwe tarehe, jina la dereva, ekari zilizopigwa, grisi iliyotiwa, nati iliyokazwa, na kilichoharibika. Mistari mitano kwa siku inatosha.

Daftari hili lina faida tatu. Kwanza, mtajua lini grisi ilitiwa, badala ya kubishana. Pili, wanachama wataona kila ekari iliyolipiwa na fedha zilikokwenda. Tatu, mtaweza kutenga sehemu ya malipo ya kila ekari kwa ajili ya vipuri. Kikundi kikiweka akiba kidogo kila ekari, beringi ya mwakani imekwisha kulipiwa kabla haijavunjika. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwandishi wa daftari si lazima awe mwenyekiti. Anaweza kuwa mama au kijana aliyejifunza kusoma juzi. Kinachotakiwa ni mkono mwaminifu.

Msimu ukiisha, haro ioshwe, ipakwe oili chafu kwenye sahani, iwekwe juu ya magogo chini ya paa. Hata paa la nyasi linafaa. Ukifanya hivyo, mwezi wa Agosti unaokuja hutaanza tena na kutu.

NANI ATUSAIDIE?

Mwone bwana shamba au bibi shamba wa kata yako. Mwulize juu ya udongo wa shamba lenu na kina kinachofaa. Kwa ufundi, ulizeni ofisi ya SIDO ya mkoa wenu. Shirika hili liliundwa mwaka 1973 ili kukuza viwanda vidogo. Vyuo vya ufundi vya VETA navyo hufundisha vijana kuchomelea na kutengeneza mitambo. Kijiji kinaweza kumpeleka kijana wake mmoja akasome, naye akirudi haro itakuwa na daktari nyumbani.

Ndugu mkulima, haro iliyolala chini ya mti ni mali ya watu waliotoa fedha zao. Nenda kaigonge kwa nyundo na uisikilize. Kisha waite wenzako. Mawingu ya Novemba yakitanda, yakute nati zimekazwa, beringi zina grisi na daftari liko wazi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, kijijini kwetu kuna haro au plau lililoachwa? Ni la nani, na lina ubaya gani?

2. Haro yenye upana wa mita 2 inapiga ekari 2 kwa saa. Ikifanya kazi saa 6 kwa siku, itapiga ekari ngapi kwa siku 4?

3. Kwa nini si vizuri kuchomelea sahani yenye ufa?

4. Ni mahali gani katika mashamba yetu penye visiki au maduara ya zamani? Nani atayawekea alama, na lini?

5. Nani atashika daftari la haro, na nani atalikagua?